Kitabu hakiazimwi, au hakionekani?

Maktaba ndogo za Moshi na Arusha, za shule hasa, zikitaka kwenda na wakati huanza na kompyuta. Kompyuta ingesubiri kidogo. Kwanza ijulikane vitabu vinatumikaje, na hilo daftari la kuazima peke yake haliwezi kukuambia.

Chukua kitabu cha ngoma za asili za Uingereza. Humo yumo Cecil Sharp, aliyewaona wachezaji wa ngoma ya morris wa Headington Quarry, karibu na Oxford, tarehe 26 Desemba 1899, na mwaka 1911 akaanzisha chama cha ngoma hizo. Wanaume sita, leso mkononi, njuga miguuni. Mwalimu wa ngoma wa huku angekifungua kwa ajili ya hizo njuga tu. Lakini karatasi yake ya tarehe za kuazimwa ni tupu, kwa hiyo siku ya kupunguza vitabu kinaingia kwenye boksi.

Sasa tazama mgongo wake: 793.31942. Katika mpango wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, hiyo ni desimali, na mahali pake ni kabla ya 793.8, penye mazingaombwe. Anayerudisha vitabu rafuni huona tarakimu tano baada ya nukta, akadhani ni namba kubwa, akakipeleka mwisho kabisa. Huko nani atakitafuta? Afundishwe kulinganisha tarakimu moja moja kuanzia kushoto: 3 ni ndogo kuliko 8, basi, zilizobaki hazina neno.

Kujua ukubwa wa tatizo, okota vitabu 100 kwenye katalogi bila kupendelea, ruka vilivyoazimwa, kisha nenda navyo rafuni kimoja kimoja. Ukivikuta 80 mahali pake, msomaji anakosa kitabu kimoja katika kila vitano, na wewe unasema watu hawapendi kusoma.

Halafu kuna vinavyosomwa mezani bila kuazimwa. Bandika tangazo: "Usirudishe kitabu rafuni, kiache mezani." Kila baada ya saa mbili vihesabu kwa vijiti, ukitenga makundi ya Dewey, 000, 100, 200 hadi 900, ndipo virudishwe. Fanya hivyo wiki moja ya kawaida na nyingine karibu na mtihani wa kidato cha nne. Wiki ya mtihani viti hujaa, lakini wengi wamekuja na madaftari yao, hawagusi rafu. Hesabu ya viti na ya vitabu zikae mbalimbali. Ripoti inayozijumlisha ni ya kumfurahisha mkuu wa shule.

Hapo ndipo kompyuta iingie. Koha, programu ya bure ya kuendeshea maktaba iliyozaliwa New Zealand, inatosha kabisa. Panapoharibika ni kwenye lebo za msimbopau, ile mistari inayosomwa na skana. Usikate weupe wa pembeni, maana bila huo skana haijui mistari inaanzia wapi. Chapisha kwa printa ya leza. Wino wa maji husambaa kwa jasho la vidole. Na ukiandaa namba kwenye jedwali la kompyuta, 000123 hugeuka 123 kimyakimya, lebo ikasema hivi na katalogi vile. Anzia 100001, pasiwe na sufuri ya mbele ya kupotea.