Saa ya sataranji imeingia mezani

Mnaouliza vipi siku hizi twamaliza gemu la Warhammer 40,000 (vita vya mezani vya askari wadogo wa kuchezea, kwa dadu) kabla ya Magharibi: tumeweka saa ya sataranji mezani, ile inayohesabu dakika za kila mchezaji mbali mbali. Mchezo huu una raundi 5, na kwenye mashindano gemu la majeshi mawili ya pointi 2,000 kila moja (kila kikosi kina pointi zake) mara nyingi hupewa saa 3. Basi kila mtu ana dakika zake 90. Ukimaliza zamu wabonyeza, za mwenzio zaanza kukatika. Ikifika yeye kurusha dadu za kujikinga na mashambulizi yako, saa inahamia kwake, hakuna kubishana.

Nilidhani muda unaliwa na kufikiri. Wapi! Ni dadu. Mtu arusha 30 kwa mpigo, nusu zaingia chini ya kochi, tukainama wote kama tunatafuta pete. Sasa twarushia kwenye sinia la kahawa la mamangu (hajui bado). Twaondoa zilizofeli, zilizobaki zarushwa tena papo hapo.

Jengine, sema nia yako kabla ya kupima umbali: "Hawa nawaweka zaidi ya inchi 12 kutoka kwa askari wako, sawa?" Mwenzio akikubali, yameisha. Tepu haitoki mara tatu.

Feni tu ndiyo haijapata dawa. Ukiizima, joto, ukiiwasha, askari wepesi waanguka kifudifudi.

Jumapili tuko Tudor, Mombasa, baada ya Alasiri. Njooni na dadu zenu. Atakayeishiwa na saa kwanza ndiye anunuaye viazi karai.