AC ya gari kupuliza joto ikishachemka: nimepata dawa yake

Wakuu, naandika hii maana kuna mtu muda huu yuko foleni ya barabara ya Mandela, Dar, anaoga jasho kwa shida hii hii.

Gari yangu asubuhi AC inapiga baridi safi kabisa, ila ukishatembea kama nusu saa jua limewaka inaanza kupuliza joto, ukiipaki ikapoa inarudi tena. Tukapima gesi R134a, presha iko sawa. Tukabadili rilei (swichi ya umeme ya AC), tukasafisha kondensa (rejeta ya AC ile ya mbele), wapi.

Kilichosaidia ni kuifungulia boneti wakati ule ule inapuliza joto. Puli ya kompresa (pampu ya gesi ya AC) inazunguka na mkanda, lakini ile sahani ya mbele ya klachi, inayotakiwa kuvutwa na sumaku ishikane na puli ndipo kompresa izunguke, imesimama tu, na tester inaonyesha umeme volti 12 unafika kwenye koili, yaani waya wa hiyo sumaku. Yaani koili ikipata moto sumaku yake inapungua nguvu, na klachi ikishalika ile nafasi kati ya sahani na puli inakuwa kubwa, haivutiki tena.

Fundi akazima injini akapima hiyo nafasi na fila (vibati vya kupimia upenyo), karibu milimita 1, wakati kwa kompresa nyingi inatakiwa kama 0.3 mpaka 0.6 hivi. Akafungua nati ya katikati, akavuta sahani, ndani kuna vi-washa vyembamba (vipete vya bati vinavyopanga hiyo nafasi), akatoa kimoja tu nafasi ikapungua, akarudishia sahani. Hakikisheni sahani haigusi puli AC ikiwa imezimwa, ikigusa itaungua.

Sasa hivi jua la saa nane mchana na ndani kunagandisha. Kompresa ni ile ile.