Nadharia au maabara? Hesabu siku kwanza

Wanaoomba uzamili wa fizikia hapa Dodoma hupangana kwa alama: aliyepata A za hesabu anasukumwa kwenye nadharia, waliobaki maabara. Kipimo hicho hakifai. Jiulize ni kosa la aina gani uko tayari kulisaka kwa miezi, na msimamizi wako ana kifaa gani kinachofanya kazi leo.

Chukua mada ya mionzi asilia kwenye udongo wa Bahi, ambako urani imewahi kutafutwa. Tuseme sampuli 20. Kila moja inakaushwa kwa nyuzi 105 kwa saa 24, inasagwa, inapitishwa kwenye chekeche la milimita 2, inapimwa uzito, kisha inafungwa kwenye kopo lisilopitisha hewa kwa wiki 4. Wiki hizo hazikwepeki. Tunachotafuta ni radiamu-226, inayotokana na urani. Mstari wake wenyewe, yaani miale ya gama ya nishati moja, 186 keV (kilo-elektronivolti, kipimo cha nishati), unagongana na wa urani-235, kwa hiyo tunapima bismathi-214 kwenye 609 keV. Bismathi hiyo huzaliwa baada ya radoni, gesi inayotokana na radiamu, ambayo nusu yake huoza kila siku 3.8; wiki 4 zinaipa muda wa kulingana na radiamu. Kopo likivuja, radoni inatoroka, na radiamu inaonekana pungufu bila kompyuta kukuonya lolote.

Kupima kila kopo saa 12 ni saa 240, siku 10 mfululizo, mbali na kopo tupu la kupima mionzi ya chumba. Umeme ukikatika saa ya 11 na programu haikuhifadhi, unaanza upya. Kigunduzi cha mionzi cha jemaniamu kwa kawaida kinataka naitrojeni kimiminika ya kukipoza. Uliza inatoka wapi na inafika kila baada ya siku ngapi. Cha sodiamu ayodaidi hakiitaki, ila Julai yetu, usiku baridi na mchana jua, hukisogeza kilele cha mstari kwenye grafu. Kagua mstari wa potasiamu-40, 1461 keV, asubuhi na jioni.

Upande wa nadharia kosa linajificha zaidi. Quantum ESPRESSO, programu ya kukokotoa tabia ya elektroni ndani ya maada, itakupa jibu hata ukiingiza vipimo vibovu. Pandisha nishati ya ukomo na idadi ya nukta-k, vipimo viwili vya umakini wa hesabu, mpaka nishati jumla itulie. Hata hapo, kwa ukadiriaji wa PBE, kanuni ya makadirio inayotumika sana, pengo la nishati la silikoni (nishati ambayo elektroni inahitaji ili ipitishe umeme) hutoka kama 0.6 eV, ilhali maabara hupima 1.1. Kuongeza nukta hakusaidii, kwa sababu kasoro iko kwenye ukadiriaji wenyewe. Asiyelijua hilo anaweza kumaliza muhula mzima akihangaika na faili.

Nadharia ya kalamu na karatasi inadai msingi mzito wa mekanika ya kwanta. Kwa mwenye pengo hapo, diploma ya mwaka mmoja ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichoanzisha mwanafizikia Abdus Salam kule Trieste, Italia, mwaka 1964, ni daraja zuri sana.

Kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, nenda maabara na mfuko mdogo wa mbolea ya potasiamu, umwombe fundi awashe kigunduzi. Kilele cha 1461 kikipanda ndani ya saa moja, endelea. Kisipopanda, uliza kilionekana lini mara ya mwisho.