Maoni ya katuni yalipokosa mahali

Sisi wachache wa Lamu tunaotengeneza katuni kwa Blender, programu ya kompyuta, hutumiana vipande vya video kwa simu. Taabu ilikuwa maoni: "Pale tanga linapogeuka hapajakaa sawa." Pale wapi? Jahazi langu linageuza tanga mara kadhaa kabla ya kufika Shela.

Dawa imo ndani ya programu yenyewe. Kwenye mipangilio ya kutolea picha kuna sehemu iitwayo Metadata. Nikawasha Burn Into Image, nikaacha namba ya fremu tu, yaani ya kila picha moja inayounda video. Kila picha ikatoka na namba yake. Kwa fremu 24 kwa sekunde, kusema "sekunde ya nne" ni kubahatisha. Jamaa mmoja, mtoto wa nahodha, akaniandikia: "Fremu 96 hadi 104, foromali yatangulia tanga, bwana. Tanga lijae kwanza." Nikaichelewesha kidogo foromali, ule mti unaobeba tanga, na jahazi likapata uzito.

Ukituma mradi mzima badala ya video, tumia kwanza Pack Resources kwenye menyu ya File, chini ya External Data, ili picha za mbao na nyinginezo zifungwe ndani ya faili lenyewe. La sivyo mwenzio atafungua akute mbao zote zimegeuka waridi. Na toleo la mwisho, zima zile namba.