Shangazi alivyobeba karabai

Waliokuwepo Unguja mwisho wa 2009 hawana haja ya kuhadithiwa. Umeme ulikatika mwezi wa 12, hitilafu kwenye laini ile inayotuletea umeme kutoka bara kupitia chini ya bahari, tukasema kesho utarudi, keshokutwa utarudi, ukarudi mwezi wa 3 mwaka 2010. Na umeme ukiondoka na maji yanaondoka kwa sababu pampu hazifanyi kazi, kwa hiyo mji mzima ni ndoo na madumu, na usiku majenereta yananguruma mpaka unasahau kimya kikoje.

Lakini harusi hazikusimama. Nani atamwambia bibi harusi asubiri waya?

Basi katikati ya giza hilo kukawa na harusi mtaani kwetu Mwembetanga, na wenyewe wakasema taarab itapigwa. Wakaita kundi la taarab asilia, lenye ala zake zote, udi, kanuni ile ya nyuzi nyingi, fidla mbili, akodioni, dumbaki, besi lile kubwa la kusimama nalo. Bahati yao, maana wangeita ya kisasa yenye vinanda vya umeme usiku ule ungeishia njiani. Jenereta lilikodiwa kwa ajili ya taa na maiki tu.

Sasa shangazi yangu alikuwa na jambo lake. Jirani yetu mmoja, simtaji, alikuwa ndo kijumbe wa upatu wa mtaa, yaani mshika pesa za wanaochanga, na zamu ya shangazi ilikuwa imefika na pesa hazionekani. Yule bibi alikuwa anauza barafu na juisi, friji limezima, biashara imekufa, nadhani pesa za watu alikuwa ameshazitumia huko kujaribu kuiokoa. Mie mpaka leo namuonea huruma kidogo. Shangazi hakumuonea. Lakini kumfata mtu mlangoni kumgombeza si heshima, mambo kama hayo yana pahala pake, na pahala pake ni kwenye taarab.

Jioni ile akanituma nikamvunjie noti ya elfu kumi nipate mia tano mia tano. Nikamuuliza shangazi kwa nini usimtunze mwimbaji elfu tano mara moja watu wakakuona? Akanitazama kama mtoto asiyejua lolote. "Mwanangu, hela nyingi ni sifa. Mie sitaki sifa, nataka aelewe." Maana kwenye kutunza kinachosomwa ni beti uliyoinukia. Unakaa, unasikiliza, mwimbaji akifika kwenye yale maneno yanayokuhusu unainuka taratibu, unakwenda kwa madaha na noti juu, unapita mbele ya yule unayemkusudia, unamtupia jicho, ndo unamfikia mwimbaji. Wote waliokaa pale wameshaelewa na hakuna aliyetukanwa. Halafu akavaa khanga yake ya Hasidi hana sababu, na sikuona kwamba aliiokota tu kabatini.

Wanawake tumejipanga, vikuku, udi unafuka, wapigaji wameanza na ile bashraf yao ya ufunguzi, ndefu, mabibi wamefumba macho. Kisha akainuka mwimbaji. Nyimbo ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, shangazi kimya, noti zimekunjwa mkononi. Ya tatu ikawa inahusu mtu aliyeaminiwa akavunja amana. Nikamuona mkono unakaza. Anangoja beti. Ikaja, akainuka, hatua mbili tatu hivi, na jenereta likakohoa likazima.

Giza tororo. Maiki imekufa. Ajabu ni kwamba muziki haukusimama hata kidogo, wale wazee hawakuhitaji kuona walipoweka vidole, na mwimbaji akaendelea kwa koo lake tupu, na wanawake ambao dakika ile walikuwa wanapiga soga kwa sauti wakanyamaza wenyewe kwa sababu ukisema neno humsikii. Sijawahi kusikia taarab hivyo tena. Fidla unaisikia mpaka ule mkwaruzo wa uzi. Nadhani ndivyo walivyoisikia watu wakati wa Siti binti Saad, kabla ya spika.

Kwa wengine ilikuwa raha. Kwa shangazi ilikuwa hasara, maana amesimama katikati ya giza na noti yake, khanga haisomeki, jicho halionekani, atamtunzia nani? Wakaleta karabai moja, taa ile ya mafuta ya kupampu, wakaitundika kwenye kigingi karibu na wapigaji, na mwanga wake haufiki tulipokaa sie wala alipokaa yule jirani, aliyejiegemeza ukutani kule nyuma, naapa nilimsikia anacheka.

Shangazi akaenda akaitungua karabai. Mzee wa kanuni akasema "ee bibi, taa yetu!" wala hakugeuka. Akaiinua kwa mkono wa kushoto, noti kwenye mkono wa kulia, akamwambia mwimbaji kwa adabu kabisa, "Nirudie beti ile baba yangu." Na mwimbaji, mtu wa kazi yake, akairudia. Shangazi akazunguka na taa watu wote wakiinua shingo, akafika mpaka kule ukutani, akasimama, ile karabai inavuma vuuu, uso wa jirani mweupe kwa mwanga, khanga inasomeka herufi kwa herufi. Akageuka akarudi kutunza mia tano yake ya kwanza. Vigelegele vilivyopigwa! Akarudia na beti ya pili, na ya tatu, na wapigaji wanapiga gizani wakisubiri taa irudi zamu yao. Jirani alijifunika buibui akaondoka kabla ya kiitikio cha mwisho.

Mwenye karabai alikuja kesho yake kudai, maana kile kijisoksi cha ndani kinachowaka kilipukutika kwa ule mwendo wa madaha, shangazi akalipa bila kubisha. Na upatu ulilipwa kabla ya umeme kurudi, aliuleta mtoto wa jirani, ndani ya mfuko wa nailoni, shangazi akazihesabu zote mbele yake kisha akampa juisi anywe.