Siku moja maishani mwangu: mtengeneza barafu, Tanga

Saa 10 alfajiri. Natoa kalibu, chombo cha kugandishia barafu, kwenye tangi la maji ya chumvi. Yana baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri ila hayagandi, chumvi inayazuia. Nachovya kalibu kwenye maji ya kawaida, bonge linaachia, linateleza nje.

Saa 11. Wavuvi wanawahi umande, upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, uwasukume baharini.
"Shikamoo, nahodha."
"Marahaba, mwanangu. Nisagie iliyokauka, isiyochuruzika."
Anajua anachotaka.

Saa 2 asubuhi. Najaza kalibu upya, lakini sifikishi ukingoni. Sababu: molekuli, chembe ndogo kabisa ya maji, imepinda: oksijeni moja, haidrojeni mbili, pembe ya nyuzi 104.5. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, wa haidrojeni chanya, kwa hiyo molekuli huvutana. Katika maji hushikana na kuachiana bila kukoma. Yakiganda, kila moja hushikwa na wenzake wanne, na mpangilio huo unataka nafasi zaidi. Barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9. Kalibu iliyojaa pomoni ingefurika. Ndiyo sababu pia barafu huelea.

Saa 5. Mama mmoja mchuuzi anataka maji ya barafu iliyoyeyuka, kwa kuwa ni ya baridi na bei nafuu. Yeye anapeleka samaki Muheza.
"Mama, hayatakufikisha."
Nasimama naye hadi anielewe, maana mtaji wake wote umo kwenye ndoo ile. Kilo ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto, na muda wote huo inabaki nyuzi sifuri, kwa kuwa joto linatumika kuvunja mishiko ya molekuli. Kilo ya maji ya nyuzi sifuri ikinyonya kilojuli 42 tu, imeshafika nyuzi 10. Ananunua nusu bonge.

Saa 8 mchana. Upepo umegeuka, unatoka baharini. Nchi kavu imepata moto, bahari bado. Mishiko ile ile huyafanya maji yachelewe kupata joto.

Saa 10 jioni. Vyombo vinarudi. Nakagua masanduku: barafu chini, samaki aina ya changu, barafu tena juu. Nahodha wa alfajiri bado ana barafu ngumu katikati ya samaki, macho yao maangavu. Mwingine alibeba kidogo kuokoa pesa; wake wamelegea, na bei anayopewa inaniuma. Kesho nitamwekea fungu lake mapema, kabla foleni haijaanza.