Sabuni ya Auri

Mtoto wa dada amekuta kitabu chembamba kwenye rafu, anauliza kama aanze nacho mfululizo wa riwaya za Kvothe kwa kuwa ni kifupi. Hapana. Mwandishi mwenyewe, Patrick Rothfuss, anamwonya msomaji kwenye dibaji kwamba huenda asitake kukinunua. *The Slow Regard of Silent Things* kilitoka 2014, baada ya *The Name of the Wind* (2007) na *The Wise Man's Fear* (2011). Bila hivyo viwili, Auri ni binti tu anayezunguka mahandaki chini ya chuo, akipanga vitu mahali vinapostahili kukaa. Siku saba, mhusika mmoja, hakuna mazungumzo. Kurasa zipatazo nane ni za kupika sabuni.

Ni hizo kurasa nilizomsomea shangazi, Kirumba, Mwanza. Alikuwa uani anapika ya kwake, upepo wa ziwa ukituletea harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni.

"Soma nikusikie," alisema. "Wewe si umekaa tu?"

Basi nikawa natafsiri papo hapo. Maji ya majivu ya shangazi yalikuwa yamechujwa tangu jana: ndoo iliyotobolewa kitako, nyasi kavu chini, majivu ya maganda ya ndizi juu yake, maji yakimiminwa kidogo kidogo. Alitumbukiza yai. Likizama, maji bado mepesi, yachemshwe yapungue. Likielea na kuonyesha mgongo wa ukubwa wa sarafu, yanafaa. Yai liwe la leo, maana yai viza huelea hata kwenye maji matupu. Karai lilikuwa la chuma. Sufuria zetu za alumini huliwa na maji hayo mpaka zinatoboka. Ndani yake, kilo mbili za mafuta ya ng'ombe, yale ya kwenye figo, yaliyokwisha kuyeyushwa na kuchujwa kwa kitambaa.

Mwanzoni aliniuliza huyu Kvothe, mhusika mkuu wa vitabu viwili vya kwanza, ni nani. Nilipofika kwenye sabuni, akaacha.

"Majivu ya mti gani?"

Nikamwambia Rothfuss hakuandika kitabu cha mapishi.

"Sasa anaandika sabuni ya nini?"

Nikaendelea. Auri ananawa uso, mikono na miguu. Anatoka, anarudi, ananawa tena. Shangazi akasimamisha mwiko. Povu likapanda, likakaribia ukingo wa karai, hakulitazama.

"Huyo ana msiba," akasema. "Au alifanyiwa kitu."

Nilikuwa nimevisoma vyote vitatu, na kule kunawa nilikuwa nimekuchukulia kama kituko cha mhusika.

Akavuta kuni mbili, povu likashuka. Saa zilizobaki zilikwenda kwa kukoroga, hadi tone lililodondoka kwenye mwiko likaacha alama juu ya uji kabla ya kuzama. Akagusa kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, maji ya majivu yamezidi, ongeza mafuta; mafuta yakielea, maji ya majivu hayakutosha. Kisha chumvi, maana majivu ya ndizi yana potasi na sabuni yake hubaki laini; chumvi huifanya ijitenge na maji na kushikana kidogo. Kidogo tu. Mche wa dukani hauupati kwa majivu.

Kwenye maneno yake ya mwisho Rothfuss anasimulia alivyomlalamikia rafiki yake Vi Hart kwamba hadithi hii haina mambo ambayo hadithi inatakiwa kuwa nayo. Wasomaji wengi wa mfululizo walikubaliana naye, hasa kwa vile walikuwa wanangoja kitabu cha tatu, ambacho hadi leo hakijatoka. Shangazi hakuwa anangoja chochote. Labda ndiyo sababu, au labda ni sabuni tu. Angekuwa anasuka mkeka huenda angenifukuza.

Alichotaka kujua ni kama yule mgeni ambaye Auri anamwandalia zawadi siku zote saba alifika. Nikamwambia kitabu kinaishia kabla ya hapo.

Akasonya. "Nipe hilo beseni."